Kabla hujachomeka oskiloskopu ya USB kwenye kompyuta
Oskiloskopu ni kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na proubu ni waya wake wa kupimia. Kile kibanio cheusi cha proubu hakielei, yaani hakijatenganishwa na ardhi. Kwenye oskiloskopu nyingi za USB kimeungana moja kwa moja na bati la plagi ya USB, bati na kompyuta, na kompyuta ya mezani na waya wa ethi (wa ardhini) ukutani. Ukikibana mahali penye volti umeshapiga shoti, na poti ya USB au ubao mama unaweza kuungua hapo hapo.

Hakikisha mwenyewe: chomoa kila kitu, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye kibanio, nyingine kwenye bati la plagi. Ikilia, ndivyo ilivyo.

Saketi ya betri isiyoungana na ethi haina shida, ila vibanio vya chaneli zote mbili ni waya mmoja, usivibane sehemu tofauti. Kitenganishi cha USB, kifaa kinachokata muungano wa umeme kati ya oskiloskopu na kompyuta, kinasaidia, lakini vingi vya bei nafuu vinaishia kasi ndogo ya megabiti 12 kwa sekunde.

Laptopu bila chaja? Kupima umeme wa ukutani kwa njia hiyo, tafadhali usijaribu. Ukikosea, bati unaloligusa ndilo litakalokuwa na umeme. Hapo tumia proubu ya difarensha (inayopima tofauti ya volti kati ya ncha zake mbili) iliyotengenezwa kwa volti hizo.