Somo: Kusukuma mtoto, hatua kwa hatua

Wajawazito wengi huja leba wamesimuliwa uchungu mpaka basi, lakini kusukuma kwenyewe hawajaelezwa. Haya, tuanze.

1. Ngoja njia ifunguke yote, sentimita 10. Ukikazana mapema, mlango wa kizazi unaweza kuvimba na nguvu zikaisha bure. Ukibanwa na hamu ya kusukuma, mwite mkunga akupime.

2. Kichwa kikishuka utahisi haja kubwa imekubana kweli kweli. Hamu hiyo ikichelewa hata baada ya njia kufunguka, usiwe na haraka.

3. Uchungu ukija, sukuma. Ukiachia, pumzika, legeza mwili, kunywa maji. Nguvu zote ziende chini, huko huko unakohisi choo. Mishipa ya shingo ikikutoka ujue nguvu zimepanda juu. Kulala chali si lazima: unaweza kuchuchumaa, kupiga magoti au kulala ubavu. Kichwa kitachungulia kisha kirudi ndani. Usikate tamaa, ndivyo kinavyoshuka.

4. Msamba ukiwaka moto, kichwa kinatoka. Hapa ndipo wengi wanapochanika kwa papara. Mkunga akisema "hema", acha kusukuma, hema kwa mdomo: ha, ha, ha. Mabega yakishapita, mwili unateleza wenyewe.

5. Mtoto anawekwa kifuani, unachomwa sindano ya pajani kuzuia damu nyingi, kisha kondo la nyuma linatoka, kwa kawaida ndani ya nusu saa.

MASWALI

– Nesi, nikijisaidia mbele za watu je?
Wengi hujisaidia, mdogo wangu. Tunafuta, tunaendelea. Tena inaonyesha unasukuma panapotakiwa.

– Mimba ya kwanza, nitasukuma muda gani?
Inaweza kufika masaa 3. Aliyekwisha kuzaa, mara nyingi hayafiki 2. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kila dakika 5.

– Wifi yangu alikandamizwa tumbo ili mtoto atoke. Ni lazima?
Hapana. Shirika la Afya Duniani halishauri hilo, wala kumwongeza njia, yaani kumkata msamba, kila mama. Uliza sababu, ni haki yako.

– Dada, kwetu hospitali ni mbali. Mtoto akija njiani?
Usibane miguu. Lala ubavu, hema. Akitoka, mkaushe kwa khanga safi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike mpaka kichwani. Kitovu msikivute wala msikikate kwa wembe wa kuokoteza. Endeleeni na safari.