Masika ya Moshi na nywele zako: kausha kwanza, ndipo ufunge

Kuanzia Machi hadi Mei, salamu za majirani mjini Moshi huanzia kwenye mvua na kuishia kichwani. Mmoja huuliza kama nguo zimekauka. Mwenzake hujibu kwamba nguo ni afadhali, maana rasta alizosuka juzi zimekwisha kutoa harufu, na kabla hawajaagana wote wawili wamekwisha kuilaumu mvua. Kwa maoni yangu, mvua husingiziwa. Maji yanayokunyeshea kwa muda mfupi ukitoka stendi hayana uwezo wa kukata nywele wala wa kukuletea mba. Kinachoziharibu nywele ni kuzifungia zikiwa mbichi chini ya kilemba, mzula au wigi, zikashinda hivyo kutwa nzima huku hewa ya nje nayo imejaa unyevu. Kwa hiyo maelezo haya yanahusu namna ya kukausha kuliko namna ya kujikinga, ingawa kujikinga nako kutatajwa.

Kwanza ijulikane nywele zako ziko katika hali gani kwa sasa, kwa sababu maji hayazitendei nywele zote sawa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikiliwa na viungo vya namna mbili: vipo vilivyo dhaifu, ambavyo maji huvifungua na ukavu huvifunga tena, na vipo vilivyo imara, ambavyo maji hayaviwezi. Nywele zilizonyooshwa kwa pasi au kwa draya zimebadilishwa vile viungo dhaifu tu, ndiyo maana manyunyu machache, au hata ukungu wa asubuhi, huzirudisha zikajikunja kama zilivyokuwa kabla ya kwenda saluni. Nywele zilizotiwa dawa zimevunjwa viungo imara, kwa hiyo hazirudi. Zinazojikunja ni zile mpya zilizoota karibu na ngozi, na pale penye mpaka kati ya unywele mpya na ule wa dawa ndipo hukatika kwa urahisi, hasa zikichanwa zikiwa zimelowa. Nywele za asili ambazo hazijanyooshwa kwa namna yoyote ndizo zenye shida ndogo kuliko zote: husinyaa tu, na kusinyaa si ugonjwa. Anayekwenda kupiga pasi mwezi wa Aprili, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Moshi, analipia unadhifu wa siku moja, na kila akirudia moto ule ule anaziongezea nywele udhaifu.

Mtindo unaofaa masika ni ule unaoruhusu hewa kufika kwenye ngozi ya kichwa na unaofumuliwa bila vita. Twende kilioni ya nywele zako mwenyewe na mabutu hufaa sana, kwa kuwa mistari ya ngozi hubaki wazi na mtu anaweza kuiona na kuisafisha. Rasta hazikatazwi, lakini zisiwe nene wala ndefu kupita mabega. Nyuzi zile za bandia hazinywi maji, bali huyashikilia katikati yake, na mzigo huo wa maji huvuta mizizi, hasa ya mbele, kwenye nywele laini za pajini. Mvuto wa namna hiyo ukirudiwa kwa miaka, nywele za mbele hupungua na hatimaye hukataa kuota, kwa hiyo msusi akikaza mpaka ukashindwa kukunja uso, mwambie alegeze pale pale ulipokaa, usisubiri kufika nyumbani ukameze dawa ya maumivu. Wivingi iliyoshonwa juu ya misuko siipendekezi kabisa wakati huu, kwa sababu misuko iliyo chini yake ikishalowa haina njia ya kukauka. Ikumbukwe pia kwamba wasusi wengi hunyunyiza maji ili nywele zitii chanuo. Nenda kusuka asubuhi, upate saa kadhaa za kukaa kichwa wazi kabla hujafikiria kilemba.

Kuhusu kujikinga maneno ni machache. Mwavuli unatosha. Zamani wengi tulijifunika mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na sijasikia mtu akiililia kwa ajili ya nywele zake. Kofia ya plastiki ya kuogea, inayokunjwa ikaingia mkobani, hufanya kazi ile ile, mradi uivue mara tu unapofika chini ya paa. Ukiendelea kuivaa, jasho litalowesha kile ulichokuwa unakikinga na mvua.

Ukishalowa, jambo la kwanza ni kutozichana. Unywele uliolowa hunyumbuka zaidi na hukatika kwa nguvu ndogo kuliko ule mkavu, hivyo chanuo linaloburuzwa kwa haraka kwenye nywele mbichi huondoka na nyingi ambazo zingeweza kubaki. Jambo la pili ni kuacha kusugua kwa taulo. Jirani yangu mmoja, ambaye watu wa mtaa husukwa kibarazani kwake, ana utaratibu ambao sijaona saluni iliyoushinda. Humkalisha mtu kwenye kigoda, huzigawa rasta mafungu manne kwa vibanio, hulifunika fungu moja kwa fulana ya pamba iliyochakaa, kisha hulibana kwa viganja kutoka kwenye mizizi kushuka hadi nchani, bila kupekecha, mpaka fulana ilowe na kubadilika rangi. Hapo huiweka kando, akachukua fulana nyingine kavu na kuhamia fungu la pili. Akishamaliza mafungu yote huingiza kipande cha tishu kati ya mistari miwili karibu na utosi, hukikandamiza kwa kidole gumba kwa muda, halafu hukitazama kwenye mwanga. Tishu ikiwa na unyevu, kilemba hakifungwi. "Dada, nje pamekauka, ndani bado," humwambia, na dada huyo hubaki kibarazani akipiga soga mpaka tishu itoke kavu. Soga zenyewe, kwa kawaida, ni za mvua.

Jaribio hilo la tishu lifanywe pia kisogoni na nyuma ya masikio, ambako hukauka mwisho. Mwenye draya aitumie kwa moto mdogo, akiielekeza kwenye ngozi zaidi kuliko kwenye ncha, na asiishikilie mahali pamoja. Umeme ukikatika, kama unavyoweza kukatika siku ya mvua ya radi, usiinamie jiko la mkaa. Rasta nyingi ni plastiki, huyeyuka upesi na zinaweza kushika moto, na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua. Heri kukaa na nywele wazi hadi usiku kuliko kukaushia hapo.

Kuosha nako kuna wakati wake. Osha asubuhi ya siku ambayo anga limetakata, si usiku ukiwa unakwenda kulala, maana kichwa kibichi kikilaliwa kwenye mto hukesha kikiwa kibichi. Kuhusu maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, wapo wanaoapa kwamba hukata nywele, lakini dai hilo halina msingi: maji hayo ni laini, hayana madini yanayofanya shampuu ikatae kutoa povu. Sharti ni moja tu, kwamba mvua za mwanzo ziachwe zipite bila kukingwa, kwa sababu huosha bati lililokusanya vumbi la Januari na Februari pamoja na kinyesi cha ndege.

Mafuta ndiyo yenye upotoshaji mwingi. Mafuta ya nazi huweza kupenya ndani ya unywele, na yakipakwa muda fulani kabla ya kuosha hupunguza maji unayoyanywa unywele na protini inayopotea. Huo ndio wakati wake mzuri. Mafuta ya mgando hayapenyi, hukaa juu tu na kuzuia maji yasitoke, kwa hiyo anayeyapaka kwenye nywele mbichi kisha akafunga kitambaa amejitengenezea tatizo lile lile tunalolikimbia. Bidhaa zenye gliserini nyingi nazo hupumzishwa masika, kwa kuwa gliserini huvuta unyevu wa hewani na nywele huvimba. Mafuta yote yawekwe kwenye nywele, si kumwagwa kwenye ngozi, na sababu yake ni mba.

Mba hutokana na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima na kujilisha mafuta ya ngozi hiyo. Mtu akiona ukoko mweupe akadhani ni ukavu, akaongeza mafuta, anamlisha fangasi yule yule. Ushauri wa kufaa ni kufumua kwanza, kwa sababu dawa haipiti vizuri kati ya rasta, kisha kutumia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Hupakwa kwenye ngozi, huachwa kwa dakika 3 hadi 5, husuuzwa, na hurudiwa mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Wengi huisuuza papo hapo kisha wakasema haifanyi kazi.

Mapunye ni jambo jingine, na hayafai kuchanganywa na mba. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo, yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, asipakwe mafuta ya jirani wala ya duka. Fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele na mzizi wake, mahali ambapo dawa ya kupaka peke yake haimfikii, na hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama vile griseofulvini, baada ya mtoto kupimwa. Wakati wa matibabu, chanuo, kofia na mashine ya kunyolea visiazimwe. Akiwa na uvimbe wenye usaha, apelekwe mapema. Mtu mzima anayeona upara unaoenea au kuhisi maumivu ya ngozi yasiyoisha naye asikae. Katika hospitali ya KCMC, hapa hapa Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza miaka ya 1990, na wataalamu wake huona matatizo ya nywele pia.

Abiria wa bodaboda hukutana na kofia ngumu ambayo mwenzake ameivaa muda mfupi uliopita ikiwa imelowa kwa ndani. Ivae hata hivyo, kichwa kina thamani kuliko nywele, lakini tanguliza kitambaa chembamba cha pamba ulichokuja nacho, ukifue jioni. Mzula wa sufu, ambao hupendwa zaidi baridi ya Juni na Julai inapoingia, hunyonya mafuta ya nywele na kuzikwaruza za pajini. Ushonewe satini kwa ndani, na gauni la satini la mtumba kutoka soko la Memorial hutoa vitambaa vya kutosha familia nzima. Vilemba vya kulalia viwe angalau viwili kwa kila mtu, maana kilichoanikwa asubuhi ya Aprili mara nyingi hakijakauka jioni, na hicho kipigwe pasi ya uvuguvugu kwa ndani kabla hakijarudi kichwani.