Kupiga hesabu ya safari ya ndege: kutoka Lamu hadi Jeddah na New York

Nakata tiketi hapa Lamu, na kila siku naulizwa: "Ndege itachukua muda gani?" Hesabu yenyewe ni ya kalamu na karatasi. Tuanze na Jeddah, maana kwa wengi wetu safari ya kwanza ya mbali huwa Umra.

Hatua ya 1: Tafuta umbali
Kibla chetu Lamu kiko kaskazini, kwa hiyo Jeddah, iliyo jirani na Makka, nayo iko karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa mji wa namna hii, hesabu digrii za latitudo tu. Kila digrii ni kilomita 111. Nairobi, tunakopandia ndege kubwa, iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta. Jeddah ni 21.7 kaskazini. Jumla 23, mara 111, unapata 2,553. Umbali kamili ni kama 2,570.

New York iko upande, njia hiyo haifai. Chukua tufe la dunia, nyosha uzi toka mji hadi mji, kisha ulinganishe uzi huo na ikweta, ambayo mzunguko wake ni kilomita 40,075. Utapata karibu 11,800. Ramani ya ukutani usiitumie, inapotosha.

Hatua ya 2: Geuza kilomita ziwe muda
Gawa kwa 900, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jeddah ni kama saa tatu na dakika ishirini. New York inatoka saa kumi na tatu na nusu, lakini ndege ya moja kwa moja huchukua kama kumi na tano kwenda na kumi na nne kurudi. Sababu ni upepo. Manahodha wa majahazi walikwenda Arabuni kwa kusi wakarudi kwa kaskazi. Huko juu nako kuna upepo mkali uvumao toka magharibi, nao huirudisha nyuma ndege iendayo Marekani.

Hatua ya 3: Soma saa za tiketi
Tiketi huandika saa ya kila mji. Jeddah ni sawa na kwetu. New York iko nyuma kwa saa saba wakati wao wa joto, nane wakati wa baridi. Ukiondoka 23:00 na kutua 06:00 wakati wa baridi, zinaonekana saa saba. Ongeza nane, ni kumi na tano.

Kisha ondoa sita upate saa ya Kiswahili; ikibaki zaidi ya kumi na mbili, ondoa kumi na mbili tena. Hapa nakuomba usipite haraka. Mzee mmoja wa Langoni aliona 07:00 akasoma saa saba, akafika Manda, kwenye uwanja wetu wa ndege, adhuhuri na ndege ilikwisha kuondoka asubuhi. Tangu hapo kila tiketi naandika pembeni kwa mkono: saa moja asubuhi.

Hatua ya 4: Ongeza ya njiani
Boti hadi Manda, robo saa. Kusubiri uwanjani, saa nzima. Hadi Nairobi, saa na robo. Hapo uliza unatua Wilson au Jomo Kenyatta. Ni viwanja viwili tofauti, na katikati kuna foleni ya magari. Mimi humwachia msafiri saa tano.

Jumlisha: zile saa tatu na dakika ishirini za Jeddah zimekuwa karibu saa kumi na moja. Dawa za mzee na chakula cha mtoto vifungwe kwa hesabu hii.