Kuchapa Maumbo ya Jiometri kwa Mhuri wa Kiazi Kitamu

Kiazi kitamu kikubwa na kigumu hutoa mhuri bora kuliko kiazi mviringo, kwa kuwa hakina maji mengi na kingo zake hazimeguki upesi. Kikate katikati kwa pigo moja la kisu kirefu, kwani uso uliokatwa kwa kusitasita huwa na mabonde yasiyoshika rangi. Chora hapo mraba wenye upande wa sentimita 4, chonga nyama inayouzunguka kwa kina cha sentimita 1, kisha ulaze kifudifudi juu ya gazeti ili maji yanyonywe.

Kitambaa cha marekani kifuliwe kwanza ili wanga utoke, kipigwe pasi, kisha kitandikwe juu ya blanketi; meza tupu huacha mabaka meupe katikati ya umbo. Kigawe kwa chaki katika miraba ya sentimita 4. Rangi ya vitambaa ipakwe kwenye mhuri kwa sponji, kwa sababu ukiuchovya itachuruzika pembeni, na pembe kali ndiyo roho ya kazi hii.

Ukishachapa miraba, kata mhuri huohuo kwa mshazari upate pembetatu mbili. Hapa ndipo penye raha: chapa moja mara nne, ukiizungusha nyuzi 90 kila mara. Pembe za nyuzi 90 zikikutana katikati, utapata mraba uliosimama kwa ncha. Zikikutana za nyuzi 45, utapata mapanga ya pangaboi.

Rangi ikikauka, piga pasi ya moto upande wa nyuma. Mhuri wenyewe husinyaa kufikia kesho yake.