Unataka kufungua saluni? Anza na mkono, fuata karatasi, fremu iwe ya mwisho (mwongozo kwa walioko Tanzania)

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu ni hili, dada nimepata mtaji kidogo, nataka kufungua saluni, ninunue draya gani na viti vya wapi. Mimi nauliza kwanza unajua kazi? Ananiambia nitaajiri. Una cheti? Cha nini dada, mteja haulizi cheti. Kiukweli hapo ndo hela za watu zinapopotelea, mana unakuta mtu kalipa fremu ya miezi sita, kalipa na kilemba kwa aliyekuwepo, alafu fundi aliyemtegemea anaondoka na wateja wote mwezi wa tatu na yeye mwenyewe hawezi hata kuseti rola. Kwa hiyo naandika mpangilio mzima nilivyoufuata mimi na ninavyowapitisha wasichana ninaowafundisha.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Hapa kwetu leseni ni ya biashara, sio ya mtu. Yaani halmashauri inakupa leseni ya kuendesha saluni, haikupi leseni ya wewe kushika kichwa cha mtu kama wanavyofanya Marekani. Wengi wakishajua hivyo wanaona mafunzo ni ya hiari. Mimi naona ni kinyume, kama hakuna anayekukagua mkono kabla hujamgusa mteja basi wewe mwenyewe ndo wa kujikagua, na vizuri zaidi upate mtu wa nje akukague. Hiyo nitaieleza kwenye cheti.

HATUA YA 1: Chagua unaanza na nini

Usianze na vyote. Kusuka, kuseti na dawa za nywele ni fani moja, kucha na kope ni nyingine, uso na ngozi ni nyingine, mapambo ya bibi harusi nayo peke yake, na unyozi ni dunia yake. Chagua moja uijue mpaka mteja akutafute kwa jina, nyingine zitafuata. Kama huna mtaji kabisa anza na kusuka, mana kitana, mikono na kigoda vinatosha kukupa hela ya kula huku unasoma.

HATUA YA 2: Kujifunza

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wana kozi ndefu za ngazi ya kwanza mpaka ya tatu na kozi fupi za wiki au miezi kadhaa, ila sio kila kituo kina fani ya urembo kwa hiyo uliza cha mkoani kwako kabla hujafunga begi. Ya pili ni vyuo binafsi. Hapa kuwa makini sana. Vyuo vya ufundi stadi vinasajiliwa na NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, omba namba ya usajili alafu nenda kaihakiki mwenyewe, usiridhike na bango la barabarani wala picha za mahafali. Chuo kikisema tuko kwenye mchakato wa usajili, hela yako ibaki mfukoni mpaka mchakato uishe. Uliza pia wanafunzi wangapi wanagawana kichwa kimoja cha mazoezi, na kama kuna wateja halisi wanaoingia, mana kusuka mdoli na kusuka mtoto anayelia ni vitu viwili tofauti.

Ya tatu ni kukaa kwa fundi, na ndo njia ambayo wengi wetu tumepitia. Sio njia ya aibu hata kidogo, mikono mizuri mingi ya Sinza na Kariakoo imetoka hivyo. Tatizo lake ni kwamba fundi anakufundisha anachokijua tu, na makosa yake unayarithi. Ukikaa kwa fundi mwandikishiane hata kwenye daftari, utakaa muda gani, utajifunza nini, utaanza lini kulipwa kwa kichwa. Nimeona wasichana wanafagia na kuosha taulo mwaka mzima wanaitwa wanafunzi.

HATUA YA 3: Usafi na dawa (hii usiiruke hata kama una haraka)

Hapa nitakaa sana mana hapa ndo mteja anaumizwa.

Tuanze na vifaa. Wembe ni wa mtu mmoja, ukishatumika unatupwa kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, sio kwenye mfuko wa rambo ambao mzoa taka ataushika. Homa ya ini aina ya B inaambukiza kirahisi kuliko UKIMWI na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye kifaa kilichokauka siku kadhaa, kwa hiyo sindano ya chanjo yake nenda hospitali ukachome, ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Mimi kwangu msichana haanzi kushika mkasi mpaka ameanza chanjo.

Vitana, rola na bakuli za plastiki: toa nywele, osha kwa sabuni kwanza, alafu loweka kwenye Jiki. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 unachanganya sehemu moja kwa sehemu sita za maji, unaloweka dakika kumi, unasuuza, unaanika. Soma lebo mana nguvu zinatofautiana, ikiwa tofauti na vipimo vinabadilika. Watu wengi wanaloweka kifaa kichafu na povu la mafuta juu yake, hapo Jiki haifanyi kitu, uchafu unaimaliza nguvu. Na mchanganyiko wa jana usiutumie leo. Mashine ya kunyolea usiiweke kwenye Jiki itapata kutu, isafishe kwa brashi, ifute, alafu spirit ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe, ile kukausha kwa taulo unakuwa umeondoa dawa kabla haijafanya kazi.

Alafu kile kiboksi chenye taa ya bluu. Wanyozi wengi wanaamini kinaua kila kitu. Mwanga unafika pale tu unapogusa, upande wa chini na katikati ya meno ya mashine haufiki, kwa hiyo ni kabati la kutunzia kifaa ambacho tayari kimesafishwa, basi.

Mtoto akija na mabaka kichwani yenye magamba na nywele zimekatika, hayo ni mapunye, usimnyoe. Mwambie mama yake kwa upole ampeleke zahanati, mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haitoshi. Utapoteza elfu mbili ya leo lakini watoto wengine watakaokaa kwenye kiti hicho watakuwa salama.

Sasa dawa za nywele. Relaksa ni kemikali kali sana, ile ya kawaida ndani yake kuna magadi ya kiwandani yanayotumika hata kuzibulia mabomba, ndo mana inaunguza. Mteja aliyejikuna, aliyefumua rasta jana, au aliyeosha nywele asubuhi na kusugua ngozi, mrudishe nyumbani aje baada ya siku chache. Paka mafuta kwenye ngozi na kingo za masikio, fuata muda ulioandikwa kwenye boksi, na retachi, yaani kurudia dawa, inagusa zile zilizoota tu, ukipitisha dawa kwenye nywele zilizokwisha kulainishwa unazikata. Na kamwe usiweke relaksa kwenye nywele zilizowekwa kalikiti (dawa ya kutia mawimbi), hizo dawa mbili hazipatani kabisa, nywele zitabaki kwenye kitana. Uliza mteja kabla, nywele zake zina historia gani.

Rangi nazo, pamoja na ile piko nyeusi tunayochorea bibi harusi huku pwani. Weusi ule mara nyingi unatoka kwenye kemikali ya rangi ya nywele, PPD, na kuna watu inawatoa malengelenge mpaka wanabaki na makovu ya maua mkononi. Hina halisi ni nyekundu kahawia na haiwi nyeusi tii kwa nusu saa. Rangi yoyote jaribu tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko masaa 48 kabla. Bibi harusi mwite siku tatu kabla kwa ajili hiyo, atalalamika foleni, mwite hivyohivyo.

Mkorogo sitaufundisha mtu. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo wakikukuta nazo dukani kosa ni lako, usiseme nililetewa. Zile krimu za steroidi za kutibia ngozi zinazouzwa kama za kung'arisha nazo zinakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana. Na sindano za aina yoyote, za kung'arisha, za midomo, za nini, hiyo ni kazi ya daktari, haiingii saluni.

HATUA YA 4: Cheti, hata kama umejifunzia mtaani

Hapa wengi hawajui na nafurahi sana kila nikimwambia mtu. Kama tayari una ujuzi huna haja ya kurudi kukaa darasani miaka, VETA wana utaratibu unaitwa urasimishaji ujuzi. Unaenda kituoni unajaza fomu, unaeleza umefanya kazi wapi na muda gani, wanakuja kukupima kwa vitendo na kukuhoji, pale ulipopungua wanakupa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, ukifaulu unapewa cheti. Mara kwa mara serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu hutangaza nafasi za urasimishaji na za uanagenzi (kujifunza ukiwa kazini) ambazo gharama zinalipwa, kwa hiyo fuatilia matangazo na uulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Kabla ya kupimwa jiandae kwa maswali ya kwa nini. Mikono ya wasichana wa mtaani ni mizuri kuliko ya chuo mara nyingi, wanapokwama ni pale anapoulizwa kwa nini unasuuza relaksa kabla ya shampuu ya kuzima dawa, au kwa nini kingo za nywele za huyu mteja zimeisha. Jibu la hilo la pili ni kusuka kwa kukaza na wigi la gundi miaka nenda rudi, na unatakiwa ujue kumshauri apumzike, sio kumfunika na jingine.

Cheti kinasaidia nini? Hotelini wanakitaka, mikopo ya vikundi wanakiangalia, na ukitaka kufundisha wengine unakuwa na pa kusimamia.

HATUA YA 5: Jina, TIN, fremu, leseni

Fuata huu mpangilio. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, andaa namba ya NIDA. Kisha TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara TRA, TIN yenyewe ni bure, anayekuomba hela ya TIN ni kishoka. Watakufanyia makadirio ya kodi ya mwaka na unalipa kwa awamu nne, kwa hiyo sema ukweli wa biashara unayoanza, usijitape una viti kumi wakati unavyo viwili.

Mkataba wa fremu usome kabla hujalipa. TRA wataudai, na juu yake kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya kodi ya pango na kodi ya zuio asilimia 10. Hiyo ya zuio ni kodi ya mwenye nyumba lakini mpangaji ndo unaikata na kuipeleka, wenye nyumba wengi wanakataa kukatwa na mzigo unakuangukia wewe. Jadilini mapema, iandikwe kwenye mkataba nani anabeba. Pia angalia maji yapo, yanaenda wapi yakitoka kwenye sinki, na LUKU ni ya peke yako, mana draya mbili na pasi mkishea mita na duka la jirani mtagombana kila jioni.

Ukishapata cheti cha kutodaiwa kodi kutoka TRA, leseni unaomba halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tausi, unapewa namba ya malipo unalipa. Inadumu mwaka mmoja, iandike kwenye kalenda ya ukutani. Kwa wageni kutoka nje ya nchi, kwa amri ya mwaka 2025 saluni imo kwenye orodha ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, isipokuwa ile ya hotelini au ya shughuli za utalii.

Baada ya hapo wataanza kukupitia: afisa afya, zimamoto kuangalia mtungi wa kuzimia moto, OSHA (wakala wa usalama kazini) kwa usajili wa sehemu ya kazi, na ukipiga muziki watu wa hakimiliki nao wanahusika. Weka nakala za karatasi zote kwenye faili moja saluni, wa kwanza anayefika anaoneshwa faili, kelele zinaisha. Anayedai hela mkononi bila namba ya malipo ya serikali, usimpe.

KWA WANAOTAKA KUTOKA

Kenya mambo ni NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya kazi, wana mitihani ya gredi, unaanzia ya tatu unapanda mpaka ya kwanza, na aliyejifunzia mtaani anaruhusiwa kupimwa. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Texas kwa mfano kusuka nywele bila kemikali hakuhitaji leseni tangu 2015, wasusi wetu wengi wanakula kwa hiyo, ila ukitaka kuweka dawa, rangi na kukata unatakiwa masaa 1,000 ya shule kisha mitihani. Kwa hiyo usiuze vifaa vyote ukidhani cheti cha hapa kitakufungulia mlango moja kwa moja, nenda nacho kama ushahidi wa ujuzi na uulize bodi ya jimbo lile kwanza. Kama unaenda Uarabuni kufanya kazi saluni, mkataba usainiwe ukiwa bado hapa na uandike kazi ni saluni, mana kuna wasichana wanaondoka wasusi wanafika wanakuta ni kazi za ndani.

Walioko Dar na wanataka kujaribiwa kabla ya kwenda VETA kupimwa, njoo na mtu wako wa kumsuka, jumatatu huwa hakuna foleni.