SOMO: Kushika na kuachia mpira wa bolingi, gumba ndio linatoka kwanza

Wakuu habari za wikiendi. Watu wengi hapa Dar wakienda bolingi wanarusha kwa nguvu za bega, mpira unapiga kishindo ukumbi mzima unageuka halafu unaishia mtaroni, ule mfereji wa pembeni ya njia, na mtu anaondoka anasema huu mchezo sio wangu. Sio kweli aisee. Shida ni mkono unavyoachia, na hilo linafundishika kabisa. Naelezea kwa anayetumia mkono wa kulia.

Hatua ya 1, chagua mpira. Ile namba iliyoandikwa juu yake ni uzito kwa paundi, mwisho 16, yaani kilo 7 na kitu. Usibebe mzito ili watu wakuone. Chomeka kidole cha kati na cha pete mpaka pingili ya pili, gumba lizame lote, kisha lizungushe humo ndani, likitoka bila kukwama na bila kupwaya huo ndio wako. Ukiona lazima ubane ndio usidondoke, rudisha, maana ukishabana tu huwezi kuachia vizuri hata ufanyeje.

Hatua ya 2, kifundo cha mkono kinyooke, kisilale kwenda nyuma. Kiganja kikae nyuma ya mpira, mkono wa kushoto ubebe uzito mpaka uanze kutembea.

Hatua ya 3, acha mkono ubembee wenyewe. Usisukume.

Hatua ya 4 ndio somo lenyewe. Mpira ukifika usawa wa kifundo cha mguu wa kushoto, ule unaoteleza mbele, gumba linatoka kwanza, vile vidole viwili vinabaki ndani kitambo kidogo sana, na hivyo ndio vinaupa mzunguko. Sasa fikiria uso wa saa ya ukutani. Ukitaka mpira unyooke, gumba lielekee namba 12 mpaka mwisho. Ukitaka ukate kona, lianzie 12 liishie namba 10, mkono unamalizia kama unampa mtu salamu. Ukizidisha mpaka kiganja kinatazama chini umeharibu, mpira unazunguka sana ila hauna nguvu ya kuangusha. Na mpira utue kwa kuteleza mbele kidogo ya mstari wa faulo, ule ambao mguu wako hauruhusiwi kuuvuka, sio kudondoshwa.

Macho yasiwe kwenye pini, yaani vile vichupa vya kuangusha, ziko mita 18 huko. Kuna mishale saba kwenye leni, ile njia ya mpira, tazama wa pili kutoka kulia. Kona tunaitafuta ili mpira uingie kati ya pini namba 1, ya mbele kabisa, na 3, ya nyuma yake kulia, kwa pembe, ukiingia hivyo haupotezwi njia kirahisi na straiki, yaani kuangusha zote kwa mpira mmoja, zinakuja.

MASWALI

Mkuu nimefanya hiyo namba 10 ila mpira umenyooka tu, nakosea wapi?
– Huenda hukosei. Mipira ya ukumbini mingi ni ya plastiki ngumu, na sehemu ya mwanzo ya leni ina mafuta, kwahiyo unateleza mpaka ufike pakavu mwishoni ndio ushike. Punguza spidi kidogo, utaona unapinda hata kama ni kiasi.

Kaka mie gumba linaniuma pale chini mpaka kesho yake, ni kawaida?
– Hapana dada, si kawaida. Unabana, au tundu dogo. Badilisha mpira, shuka na uzito. Likiendelea pumzika kwanza.

Sisi mashoto je?
– Geuza tu mkuu: namba 12 kwenda 2, mguu wa kulia ndio unateleza, mshale wa pili kutoka kushoto, unalenga kati ya pini 1 na 2, ya nyuma yake kushoto.

Jasho je? Natoka Mbagala kwenye daladala nafika mkono umelowa.
– Beba kitaulo chako, futa mkono na mpira kila zamu. Usijaribu kuzuia utelezi kwa kubana zaidi, gumba litachelewa kutoka na mpira utaunyanyua juu.

Sawa mkuu, na mafuta ya leni yakibaki kwenye mpira?
– Kitaulo hichohicho, ila upande mwingine, usije ukayahamishia kwenye vidole.