Kabla hujaunganisha kimoduli cha kupandisha volti

Vile vimoduli vidogo vya MT3608, vya kupandisha volti ya betri ili iendeshe kifaa kama rauta stima ikipotea, huja vikiwa vimewekwa volti yoyote kwenye upande wa kutoa, hata 20 na zaidi. Basi usiunganishe mzigo, yaani kifaa chako, kwanza. Ingiza betri, weka multimita (kipimaji cha volti) kwenye VOUT, yaani upande wa kutoa, kisha zungusha skrubu ya shaba kinyume cha saa. Mara nyingi huzunguka hata mara 10 bila chochote kubadilika. Wengi hapo hudhani kimeharibika. Endelea tu, polepole, hadi multimita ionyeshe volti unayotaka.

Kosa kubwa ni hesabu ya ampia. Rauta ya 12V inayokula ampia 1 ni wati 12. Ukiitoa kwenye betri ya litiamu moja ya 3.7V, na upotevu wa asilimia 15, betri itatoa karibu ampia 3.8. Kimoduli hicho usikivushe ampia 2 upande wa kuingiza, la sivyo koili, ule waya uliozungushwa, itachemka. Kwa hiyo stima ikipotea, tumia betri mbili au tatu zilizounganishwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili volti zijumlike.

Jambo jingine: umeme hupita moja kwa moja kwenye koili na daiodi hadi upande wa kutoa. Waya zikigusana huko, hakuna kinachozuia. Weka fyuzi ya ampia 2 karibu na betri. Tena kimoduli huendelea kunyonya hadi 2V, na litiamu haitaki kushuka hivyo, kwa hiyo betri iwe na saketi yake ya ulinzi, ya kukata umeme ikishuka mno.

Kwa Mombasa, ukishamaliza kurekebisha, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye solda. Chumvi ya hewani hula shaba haraka.